Kutoka Songea hata Ziwa Nyasa kwa Baisikeli

Wasikilizaji wetu, wa mjini na wa mashamba, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya safari ya baisikeli. Hatusemi juu ya ile ya kwenda sokoni kila siku, bali safari ndefu ya siku kadhaa, ya kuitembelea nchi yetu na kuijua: kutoka Songea, kwa njia ya Peramiho na Mbinga, hata Mbamba Bay kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa.

Sisi tufundishao walimu vijana huku Songea twaulizwa swali hili kila likizo inapokaribia: “Mwalimu, ziwani ni kilomita ngapi?” Jibu lake si gumu. Kutoka Songea hata Mbinga ni yapata kilomita 100, na kutoka Mbinga hata Mbamba Bay ni 66. Mtu hodari asikiapo hivyo hufikiri moyoni, “Kwa siku moja huenda kilomita 80, basi kwa siku mbili nimefika.” Hesabu hiyo ni sahihi kwenye karatasi, na ni hatari njiani. Nchi hii si tambarare. Apimaye safari yake kwa kilomita peke yake hukutwa na giza mlimani, na pengine hukutwa na jambo baya zaidi ya giza. Kwa hiyo leo twataka kueleza hesabu nyingine, nayo ni hesabu ya kupanda na kushuka.

Mwalimu wa kwanza wa hesabu hiyo ni maji. Mashariki ya mji wa Songea iko milima ya Matogoro. Huko ndiko chimbuko la mto Ruvuma, ambao huteremka kusini hata mpaka wa Msumbiji, kisha hushika mashariki na kuufuata mpaka huo hata Bahari ya Hindi, mwendo wa yapata kilomita 800. Lakini ukisafiri magharibi wafika mahali ambapo vijito havielekei tena Ruvuma. Vijito vya pande za Ngaka huingia mto Ruhuhu, na Ruhuhu huingia Ziwa Nyasa. Maji ya ziwa nayo hutoka kwa mto Shire, hujiunga na Zambezi, na mwisho hufika katika bahari ile ile ya Hindi. Matone mawili ya mvua moja yaweza kuagana huku kwetu na kuonana tena baharini.

Hayo yamfaa nini mwenye baisikeli? Yamfaa sana. Kila daraja uvukalo ni bonde, na kila bonde lina ukingo wa kuteremka na ukingo wa kupanda. Songea iko juu ya usawa wa bahari kwa mita kama 1,150 au zaidi. Mbinga haikupishana nayo sana, lakini kati yake njia huanguka mabondeni na kuinuka tena, tena na tena. Basi mtu aliyepanda kilima kimoja cha mita 100 mara tano amepanda mita 500, hata ikiwa jioni yake yu pale pale alipoanza asubuhi kwa urefu. Atakaye kujua ugumu wa njia asiulize, “Ni mbali?” Aulize, “Iko mito mingapi?”

Sasa tuipime kazi yenyewe. Tuseme mtu, baisikeli yake na mzigo wake, vyote pamoja ni kilo 100. Katika tambarare, akienda polepole, yamtosha kusukuma kwa nguvu ya kilo moja au mbili tu. Lakini katika mlima uinukao mita 8 kwa kila mita 100 za mbele, uzito wenyewe humvuta nyuma kwa nguvu ya kilo 8 zaidi. Yaani kazi imekuwa mara tano au sita. Hiyo ndiyo sababu kilomita 10 za mlima zaweza kula saa kuliko kilomita 30 za tambarare.

Tena tuangalie meno. Baisikeli nyingi za kazi hazina gia za kubadilisha. Tuseme duara la mbele lina meno 44 na la nyuma lina meno 18. Kila pedali ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara mbili na nusu hivi, na baisikeli husogea mita tano na kitu. Katika mlima ule tuliousema, miguu yapaswa kukanyaga kwa nguvu ya karibu kilo 50, mzunguko baada ya mzunguko. Hapana mtu awezaye kudumu hivyo kwa saa nzima. Fundi akikufungia nyuma duara la meno 22, nguvu ile hupungua hata karibu kilo 40. Mwendo wako tambarare utapungua kidogo, walakini safari hii haina tambarare nyingi za kujutia. Mwenye baisikeli ya gia nyingi amebarikiwa. Asiye nayo asione haya kushuka na kuisukuma. Kuisukuma baisikeli mlimani ni sehemu ya kuiendesha.

Baada ya kuyajua hayo, na tushike njia.

Asiondoke mtu Songea bila kuuona mji wenyewe. Jina lake ni la Nduna Songea Mbano, mmoja wa wakuu wa Wangoni. Wangoni walitoka kusini, wakavuka Zambezi mwaka 1835, na baada ya miaka wakafika nchi hii. Nduna Songea na wenziwe wengi walinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, wakati wa Vita vya Maji Maji. Hapa mjini iko Makumbusho ya Taifa ya vita hivyo, na kila Februari hufanywa kumbukumbu yao. Saa moja ya kutembea humo yatosha kukufanya uitazame njia yote kwa macho mengine.

Siku ya kwanza ni ya kwenda Mbinga, au nusu yake kwa asiye na haraka. Peramiho ni mahali pema pa kupumzikia. Wamisionari Wabenediktini walianza hapo mwaka 1898, na mpaka leo pana abasia, kanisa kubwa, karakana na hospitali ijulikanayo kusini kote. Mbele ya hapo, kilomita 78 za kwenda Mbinga zilitiwa lami kwa msaada wa Marekani, kwa mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 2008. Njia hupita Kitai na Amani Makoro, kisha Kigonsera, ambapo misheni ilijengwa mwaka 1899, na shule yake yajulikana sana. Benjamin Mkapa, aliyekuwa Rais wa tatu wa Tanzania, alikuwa miongoni mwa wanafunzi waliopita hapo.

Lami ni neema, lakini ina sharti lake. Katika wilaya ya Mbinga, pande za Ngaka, huchimbwa makaa ya mawe, na malori yayachukuayo huingia barabara hii na kuelekea Songea na mbele zaidi. Lori lililojaa haliwezi kusimama kama baisikeli isimamavyo, wala dereva wake hawezi kukuona nyuma ya kona. Kwa hiyo twasema: vaa nguo ya rangi inayong'aa, tia kioo kidogo katika usukani, usiende wawili sambamba hata kama mazungumzo ni matamu, na usikiapo ngurumo ya lori nyuma yako huku lingine laja mbele, toka barabarani kabisa, simama, yapite yote mawili. Dakika moja ya vumbi si hasara. Gizani usipite njia hii kabisa. Mwezi wa Juni jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuchwa muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni. Basi anza mapema, na ifikapo saa tisa alasiri uwe umekwisha kujua utalala wapi.

Mbinga yatupasa kulala, na kama yawezekana tulale siku mbili. Nchi hii ni ya Wamatengo. Inapakana na vilele vinavyofika karibu mita 2,000, na asubuhi za Juni na Julai baridi yake hupenya mifupa. Mwenye blanketi moja hujuta. Kahawa hupandwa huku, na wakati wa kiangazi utaiona imeanikwa mbele ya nyumba. Lakini jambo la kutazama hasa ni mashamba ya miteremkoni. Ukiyaona kwa mbali utadhani ni sega la nyuki limetandazwa juu ya mlima.

Mashamba hayo huitwa ngoro. Mvua zikaribiapo kwisha, majani hufyekwa na kulazwa kwa mistari ya kukatana, ikafanya vyumba vya mraba. Kisha udongo wa katikati ya kila chumba huchimbwa na kufukiwa juu ya majani yale. Kinachobaki ni shimo katikati na tuta pande zote nne. Maharagwe au mahindi hupandwa juu ya matuta. Mvua inyeshapo, maji hayakimbii bondeni na udongo. Huanguka shimoni, hutulia, na kuzama taratibu. Majani yaliyozikwa huoza na kuwa mbolea. Wenyewe husimulia ya kuwa zamani za vita vya Wangoni watu walijikusanya huku juu milimani na mapangoni, ardhi ikawa haba, ndipo akili ikawa nyingi. Msafiri wa baisikeli ayaona hayo vizuri kuliko abiria wa gari, maana mlimani huenda kwa mwendo wa mtu alimaye.

Sasa tumefika penye kiini cha maneno yetu. Wahenga wamesema, “Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.” Kutoka nchi ya juu ya Mbinga njia huenda kushuka hata ziwani, ambako uso wa maji uko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Yaani mteremko wote kwa jumla ni zaidi ya mita 700, tena wenye kona kali. Kijana aliyepanda kwa taabu siku nzima huona huu ndio ujira wake, akaiacha baisikeli ikimbie. Hapo ndipo watu huvunjika.

Tufikiri pamoja. Kilo 100 zikishushwa mita 700, nguvu yake yote haina budi kwenda mahali. Sehemu huchukuliwa na upepo na msuguano wa njia. Iliyobaki huchukuliwa na breki, nayo hugeuka kuwa moto. Kama breki zingeichukua yote, moto huo ungetosha kuchemsha lita mbili za maji. Fikirini: sufuria ya lita mbili ikichemka juu ya vipande vinne vya mpira, kila kimoja kama kidole! Mpira ukipata moto sana hulainika na kuteleza. Ukuta wa gurudumu nao ukipata moto, hewa iliyo ndani ya mpira hutanuka, na mpira wa ndani wenye kiraka kibovu waweza kupasuka katikati ya kona. Mvua ikinyesha hatari ni ya namna nyingine: chuma kilicholowa hakishikwi na breki upesi, na nafasi ya kusimama huwa ndefu mara nyingi.

Basi haya ndiyo matengenezo ya kufanywa Mbinga kabla ya kuteremka, wala yasiahirishwe. Tazama mipira ya breki. Iliyolika itolewe, itiwe mipya. Tazama waya au fimbo za breki, kila nati ikazwe. Shika kila spoki kwa vidole. Iliyolegea ikazwe na fundi. Tazama tairi pande zote mbili. Mzigo uwe chini na nyuma, umefungwa kwa mpira, usitikisike. Mzigo ulioning'inia katika usukani ni adui wa kona.

Na haya ndiyo ya kufanywa mteremkoni. Shika breki zote mbili pamoja, ukaze na kulegeza, ukaze na kulegeza, ili moto upate nafasi ya kutoka. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Kila baada ya kilomita chache simama kando, ukae chini, utazame ziwa likikaribia, magurudumu yapoe. Ukitaka kujua kama yamepoa, yanyunyizie tone la maji, usiyaguse kwa kidole. Na ile desturi ya kufunga breki kwa kukanyaga tairi kwa ndala, twaisihi ikome. Katika kilima cha kijijini humla mtu ndala. Katika mteremko wa Mbamba Bay humla mguu.

Ufikapo chini utadhani umeingia nchi nyingine. Hewa ni ya joto, pana miembe na minazi, na mbele yako ni maji mpaka macho yachoke. Ziwa Nyasa lina urefu wa yapata kilomita 580, na mahali penye kina kirefu ni mita 700 na zaidi. Nchi tatu hulizunguka: Tanzania, Malawi na Msumbiji. Lina mamia ya aina za samaki, na nyingi kati yao hazipatikani penginepo duniani. Dagaa wake, waitwao usipa, huanikwa ufukoni. Sahani ya ugali na usipa humrudishia msafiri nguvu zote alizoziacha milimani.

Walakini uzuri usitusahaulishe. Mbu wa chini ni wengi kuliko wa Mbinga. Lala ndani ya chandarua. Kichocho kipo katika ziwa hili, hasa penye maji yaliyotulia na majani. Na karibu na midomo ya mito pana mamba. Usiingie majini kuoga mpaka uwaulize wenyeji, nao wakuonyeshe mahali.

Kurudi je? Ziko njia tatu. Ya kwanza ni kuipanda ile ile uliyoishuka. Mtu akitenga siku mbili hata Mbinga, na kusukuma penye kusukumwa, hufika. Ya pili ni kuifunga baisikeli juu ya basi, na hapana aibu ndani yake. Ya tatu ni ya wenye muda na miguu: kuzunguka. Kutoka Mbamba Bay iko njia ya kando ya ziwa kwenda kaskazini, kupita Liuli hata Lituhi, zaidi ya kilomita 100. Liuli pana mwamba mkubwa ambao Wajerumani waliuona kama sanamu ya Misri yenye kichwa cha mtu na mwili wa simba, wakaipa bandari ile jina la Sphinxhafen. Hapo, Agosti 1914, merikebu ya Kiingereza Gwendolen iliivamia merikebu ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa pwani kutengenezwa. Wakati wa kiangazi pepo za kusi hulichafua ziwa na wavuvi hulalamika, lakini mwenye baisikeli aelekeaye kaskazini husukumwa mgongoni bure.

Kutoka Lituhi, si mbali na mdomo wa Ruhuhu, njia hupanda tena kwa yapata kilomita 90, kupita Ruanda penye makaa ya mawe, hata Kitai, ambapo twarudi katika barabara yetu ya kwanza. Mzunguko wote ni yapata kilomita 400. Tuutengee siku nane au tisa, si tano. Mahali pengine pa njia hii hapana lami, na ujenzi hubadilisha hali. Basi uliza katika kila kijiji habari za kijiji kinachofuata.

Wakati ufaao ni tangu Juni hata Oktoba. Mvua zetu huanza mwezi wa Novemba au Desemba na kuendelea hata Aprili, na njia za udongo hugeuka utelezi. Chukua pampu, viraka na gundi, mpira wa ndani wa akiba, spana, kipande cha cheni, maji lita tatu, blanketi, na chakula cha siku moja zaidi ya hesabu yako. Ukifika kijijini jioni, nenda kwanza kwa mwenyekiti au ofisi ya kijiji, useme jina lako na safari yako. Mgeni aliyejitambulisha hulala usingizi.

Wasikilizaji wetu, kila mwaka vijana wa mkoa huu hupita njia hii usiku ndani ya basi wamelala, kisha husema wameijua nchi yao. Baisikeli huifundisha nchi kwa miguu na mapafu: huijua kila tuta la ngoro, kila daraja, na mahali maji yanapoagana. Lakini somo hilo ni la mtu aliyefika salama. Basi atakayetengeneza safari mwezi wa Juni, na ahesabu mito yake leo, na kesho aende kwa fundi kuzitazama breki.

Kwaherini.